Maelezo ya Mlangoni

Jumamosi ndiyo ilikuwa siku yangu ya kuona mtu. Siku nyingine nilikuwa na redio, na jirani anayemfokea mbwa wake kupitia ukuta. Lakini Jumamosi alikuja Djo na gari la duka letu la ushirika, analeta unga wa muhogo, sombe ya majani ya muhogo, mafuta ya mawese na makayabu, wale samaki wa chumvi. Kabla ya kugonga alisimama nje ya mlango wa nyuma, akatoa simu ya kazi, akasoma kwa sauti kama mtu anayetoa matangazo kanisani:

"Mama Sagesse. Mlango wa mbele unakwama, pita nyuma. Papa Sagesse akisema unga umetosha, usimsikilize, acha mfuko. Makayabu yasiwe na mifupa mingi, mzee amebaki na meno ya upande mmoja. Chai iko. Usikatae chai."

Halafu anagonga, anaingia huku anacheka. "Mzee, nimeamriwa chai," anasema. "Na mimi ni mtu wa kutii."

Maneno hayo ni ya mke wangu Goretti. Aliyasema kwenye simu wakati duka lilipoanza kupeleka vitu majumbani, na Lucie, aliyekuwa anapokea simu, akayaingiza kwenye kompyuta yote jinsi alivyoyasikia, hata hilo la meno. Mimi nilikasirika siku ile. Nilimwambia Goretti, sasa Birmingham nzima itajua hali ya mdomo wangu. Akasema Birmingham ina shughuli zake.

Goretti amekufa. Alikuwa na maumivu, hospitali wakamwambia asubiri barua. Barua ikaja ikasema asubiri simu. Simu ilipopigwa mimi ndiye niliyepokea, nikawaambia hayuko tena. Yule wa kwenye simu akauliza kama ningependa kuchagua tarehe nyingine. Hao ndio wakubwa. Wako hivyo kila mahali, nimewaona kwetu Uvira, nimewaona kwenye kambi ya wakimbizi, na hapa wana sauti ya upole tu.

Basi Goretti akazikwa, watu wakakaa matanga, wakala, wakaimba, wakarudi makwao. Binti yetu Sagesse anakaa Sutton Coldfield na mume wake na kazi yake. Si mbali, ni treni moja tu kutoka hapa Erdington, lakini watu wa treni ile wote wanaonekana wanaenda mahali pa maana na mimi sitaki kuwabana. Ananipigia simu. Namuuliza kwa Kiswahili, ananijibu kwa Kiingereza, tunafika hivyohivyo.

Ni Sagesse aliyeniambia niwapigie duka wabadilishe jina. "Daddy, she's gone. Put your own name." Nilijifanya simu inakatika.

Kwetu mwanamke akizaa, jina lake linawekwa kando, anaitwa kwa mtoto. Goretti alikuwa Mama Sagesse, mimi Papa Sagesse. Na pale dukani kila nyumba iliandikwa kwa jina la mama, maana ni mama anayeagiza. Baba akipiga simu anasema tu "leteni chakula" na hajui hata gunia lina ukubwa gani. Hakuna aliyeuliza majina ya kwenye hati za serikali. Mama Sagesse, Mama Sifa, Mama Jumeaux, basi, tunajuana. Kwa hiyo Goretti alikufa kila mahali, benki, kwa daktari, kwa mwenye nyumba, lakini kwenye duka letu kule Hockley alikuwa bado anaagiza makayabu kila wiki na kuwalazimisha watu wanywe chai yangu. Sikutaka mtu aguse hapo. Hilo ndilo jambo moja nililolitaka katika mji huu.

Sasa, ushirika ule tuliuanzisha wenyewe, familia chache za watu wa mashariki ya Congo, kila nyumba ilitoa kitu. Tukapata chumba kule Hockley, katikati ya karakana za watu wanaotengeneza pete na mikufu, na tukaanza na magunia. Mwenyekiti akawa Sylvestre. Kambini alikuwa kiongozi wa bloku, mahindi yakija yanapimwa mbele yake. Hapa tena ni mwenyekiti. Kuna watu wanazaliwa na kiti chini yao.

Duka lilikua, wateja wakawa wengi, na ile kompyuta iliyokuwa chini ya kaunta ikaanza kuzimika. Noeli iliyopita ilizimika siku kadhaa na maagizo ya sikukuu yote ndani. Mama wakaletewa vitu vya mama wengine, wakagombana makanisani. Sylvestre akaitisha mkutano wa wanachama, Jumapili baada ya ibada. Tulikaa pale dukani kwenye viti vya plastiki, magunia yametuzunguka, na mtoto wake Hugues akatundika shuka nyeupe ukutani ili atuonyeshe picha.

Hugues alizaliwa hapa. Ni kijana mzuri, ana adabu, amesoma mambo ya kompyuta. Kiswahili anakisikia chote, lakini akikisema kinamtoka vipande-vipande. Alituambia kwamba vitu vyote vya duka, majina, simu, maagizo, vinakaa kwenye kitu kinachoitwa database, na database haifai tena kukaa chini ya kaunta. Kuna makampuni yanayoitunza kwa ajili yako huko kwenye mashine zao. Wao wanaangalia isizimike, wanaangalia wezi wasiingie, wanaweka nakala. "Ni kama kupanga nyumba," alisema. "Bomba likipasuka, ni kazi ya landlord."

Nilicheka peke yangu. Bomba langu lilipasuka kabla ya Pasaka na mwenye nyumba bado anatafuta ufunguo wa gari.

Akatuonyesha makampuni matatu. La kwanza lilikuwa kubwa sana. Unalipa kadiri unavyotumia, na wiki ya sikukuu, mama wote wakiagiza pamoja, linajitanua lenyewe. Mama mmoja akauliza, na bili? Hugues akasema bili nayo inajitanua. Akauliza tena, je, jambo likiharibika tunampigia nani? Hugues akasema kuna ukurasa wa kujaza maelezo. Watu wakaguna. Ukurasa tunaujua.

La pili lilikuwa na bei moja kila mwezi, sikukuu au si sikukuu. Lina mashine mbili, moja ikianguka nyingine inashika kazi, na vitu vyetu vingekaa London. Lina mtu wa kupokea simu. Na ukikosea, ukafuta kitu au ukachanganya, wanaweza kukurudishia database yako jinsi ilivyokuwa saa yoyote unayotaka ndani ya mwezi mzima uliopita. Hugues alilipenda hilo, ilionekana hata kwenye macho.

La tatu lilikuwa la bei rahisi kuliko yote. Mashine ni moja, unaikalia na makampuni mengine, kama wapangaji wanaogawana jiko. Vitu vingekaa Ireland. Nakala wanaishika wiki moja, halafu wanaitupa.

"Wiki inatosha?" Sylvestre aliuliza.

"Kama mtu ameona kosa haraka," Hugues akasema. "Akichelewa, it's gone."

Sylvestre akasimama, akajifunga kifungo cha koti, akasema yeye anashauri la pili. Kwamba vitu vya watu si vya kuchezea.

Hapo ndipo na mimi nikasimama. Sikuwa nimepanga kusema. Lakini ukimwona mtu anafunga kifungo namna ile, mdomo unafunguka wenyewe. Nikawaambia wanachama kwamba tangu nimjue Sylvestre hajawahi kushauri kitu cha bei ya chini. Magari mawili badala ya moja, taa mpya, bango jipya lenye jina lake kwenye kona, na sasa mashine mbili, moja ya kukaa bure ikingoja mwenzake augue. Nikauliza nani kati yetu ana wake wawili, mmoja wa akiba. Watu wakacheka sana. Nilikuwa sijachekesha watu tangu siku nyingi, na nikaendelea. Nikasema mwezi mzima wa kurudi nyuma ni wa nini, sisi tunauza muhogo, si dhahabu, yaliyopita yamepita.

Sylvestre alingoja kicheko kiishe. "Papa Sagesse, hii si ya kwangu mimi. Ni ili vitu vyenu visipotee."

"Vitu vyetu vilipotea zamani," nikamjibu, "na mwenyekiti alikuwa wewe."

Wakapiga makofi. Mikono ikahesabiwa, la tatu likashinda. Sylvestre akasema sawa, ni uamuzi wa wanachama, akakaa chini akaangalia viatu vyake.

Watu walipokuwa wanaondoka nilimvuta Hugues pembeni, kwenye magunia. Nikamuuliza jambo moja tu: yale maandishi ya Mama Sagesse, ya mlango na ya chai, yatahama nayo?

"Everything moves, Papa," akasema. "Kila kitu. Siachi kitu nyuma."

Nikarudi nyumbani nikiwa na furaha, sitadanganya. Nikaliambia hata jokofu nilichomjibu Sylvestre.

Jumamosi ya kwanza baada ya duka kuhamia kwenye mashine mpya niliweka maji ya chai kama kawaida. Djo hakuja. Nilifungua mlango wa nyuma mara nyingi, nikaangalia njia yenye mapipa ya taka, hakuna gari. Maji yakapoa, nikayachemsha tena. Jioni nikala mkate na siagi.

Nilielewa mara moja. Ni Sylvestre. Nimemwaibisha mbele ya watu na sasa ananikata chakula, kama kule kambini mtu aliyeuliza sana alivyokuta jina lake limerukwa kwenye orodha. Sagesse alipopiga simu nikamweleza. Akaniambia nipigie duka, labda ni kosa dogo. Nikasema wanajua ninapokaa. "Dad, just call them," akasema, na mimi nikasema sitampigia mtu magoti kwa ajili ya mfuko wa unga. Kama anataka niombe, atangoja mpaka mvua ya Birmingham iishe.

Wiki ile ilikuwa ndefu. Djo nilikuwa na namba yake, lakini Djo anakula mkate wa Sylvestre, na sikutaka kumweka kijana mahali pabaya. Nilikwenda hadi barabara kuu kununua unga wa ngano kwa Wahindi, nikausonga, ukawa gundi. Nilijiambia Jumamosi watakuwa na aibu, watakuja.

Jumamosi ya pili nilikaa jikoni, nimevaa shati lililopigwa pasi ili wasidhani nimedhoofika. Hakuna aliyepita nyuma isipokuwa paka. Na ndipo nikagundua kwamba sikuwa nangoja unga. Nilikuwa nangoja kusikia mtu akisema kwamba mimi ni mzee wa meno ya upande mmoja.

Jumatatu nikapanda basi hadi Hockley. Nilikuwa nimepanga maneno yote njiani, maneno mabaya. Nilimkuta Sylvestre mwenyewe anapanga chupa za mawese, mikono ina mafuta. Aliponiona alitabasamu, hilo ndilo lililonivuruga. Akaniuliza Sutton Coldfield pakoje.

Nikamuuliza anasema nini.

Akasema Djo alimwambia nimehamia kwa binti yangu. Nyumba yangu haikuwa tena kwenye simu ya kazi, kwa hiyo Djo akafikiri Sagesse hatimaye amenichukua, na wote wakashukuru Mungu. Sylvestre alisema alitaka kunipigia kunipongeza, lakini akaona kwa vile tulivyoachana mkutanoni, pengine simu yake ingeniharibia siku.

Nikamwambia sijahamia popote. Nikamwambia nimekula gundi.

Akamwita Hugues atoke nyuma. Hugues akafungua kompyuta kwenye kaunta, akaandika Mama Sagesse, na Mama Sagesse akatokea. Lakini alikuwa wa Perry Barr, kwenye zile ghorofa mpya karibu na stesheni. Simu si yangu. Maelezo: usigonge, mtoto amelala, acha boksi chini.

"Huyu ni Fortunée," Sylvestre akasema. "Mke wa Jairus. Yule wa kwaya. Huyu wa kwetu yuko wapi?"

Hugues akasema ni mmoja tu. Akaeleza, na Kiingereza kikawa kingi kwa sababu ya woga. Kumbe Jumamosi ile ya kwanza, baada ya kuhamisha, alisafisha. Alikuta Mama Sagesse watatu, Mama Grâce wanne, Mama Esther sijui wangapi, anwani tofauti. Akafikiri ni mtu yuleyule anayehamahama. Na kweli watu wetu wanahamishwa sana hapa, leo Handsworth, mwakani Walsall, yeye mwenyewe amekulia kwenye nyumba nyingi. Kwa hiyo akawaunganisha, akabakiza ile anwani iliyoandikwa mwisho, na maelezo yaliyoandikwa mwisho. Wengine walipiga simu siku ileile kulalamika, wakarudishwa. Alidhani amerekebisha yote.

Sylvestre alifuta mikono kwenye aproni, pole pole, kidole kimoja kimoja.

"Mtoto," akasema, "Mama Sagesse si jina."

"It's in the name column," Hugues akasema. Halafu akaniangalia mimi. "Papa, sikujua. Nyumbani kila mtu anawaita hivyo. Mimi nilifikiri ndiyo majina yao."

Kijana amekaa na mama hao tangu anatambaa, wamempa uji, wamemfunga kamba za viatu, na hajui hata mmoja wao anaitwa nani. Nilitaka kumkasirikia, hasira haikuja. Ningemlaumu nani? Mimi mwenyewe jina la mke wa Sylvestre silijui.

Nikamwambia basi arudishe. Si walisema inaweza kurudi nyuma.

 Hugues aliangalia kwenye kioo cha kompyuta. Kisha akasema nakala zinashikwa wiki moja. Wiki hiyo imeisha Jumamosi iliyopita. Na ile kompyuta ya zamani aliifuta, ikapelekwa kwenye vyuma chakavu, sheria inataka hivyo ili majina ya watu yasizagae.

Nilingoja Sylvestre aseme. Alikuwa na haki yake pale, mezani, imeiva. Angesema: nani alitaka la tatu? Angesema: yaliyopita yamepita, si ndivyo ulivyotuambia? Nilikuwa na jibu tayari, nilikuwa nalo tangu kambini. Yeye akageuka akachukua chupa ya mawese, akaiweka kwenye rafu, akaigeuza lebo itazame mbele.

Mpaka leo simsamehe kwa hilo. Mwenyekiti akijua kwamba watu wanakwenda kukosea, si anagonga meza? Alisimama akafunga kifungo, basi. Kama angegonga meza ningeelewa kwamba ni jambo kubwa.

Hugues akafungua ukurasa mpya, mtupu. Akasema nimweleze yale maandishi ya zamani yalisemaje, atayaandika neno kwa neno. Alisema kwa upole, na kwa Kiswahili kizima, sijui alikipata wapi. "Papa anakumbuka? Niambie tu."

Nakumbuka. Nimeyaandika hapo juu, hayanipotei. Nilifungua mdomo nimwambie, mlango wa mbele unakwama. Na nikasikia ni sauti yangu. Ingekuwa ni mimi ninayejisema mwenyewe, mzee anayeamuru watu wasimsikilize mzee. Goretti hakuwa ndani yake tena. Yeye aliyasema siku moja akiwa amesimama jikoni, mkono una unga, anacheka, na Lucie akayashika kama yalivyo. Mimi ningekuwa nachora tu picha yake.

"Acha," nikamwambia.

"Niandike jina gani?"

Sylvestre alikuwa amenipa mgongo, lakini chupa zilikuwa zimeacha kugongana.

"Ignace," nikasema.

Hugues akaandika. Akauliza ninataka nini kila wiki, nikakuta sijui. Unga, ndiyo, lakini kiasi gani? Sombe ya kugandishwa au ya kusagwa? Nilikula vitu hivyo maisha yangu yote na sikuwahi kuviagiza. Sylvestre, bila kugeuka, akataja mwenyewe: mfuko mdogo, sombe mbili, makayabu yasiyo na mifupa. Nikamwachia aseme. Tumbo langu analijua, alilipimia mahindi.

"Na maelezo ya dereva?" Hugues akauliza. "Si lazima."

Nilifikiri hadi mtu mwingine akaingia dukani, akanunua pilipili, akatoka.

"Andika: kuna mtu ndani. Asipofungua, agonge tena."

Jumamosi Djo alikuja. Nilisikia gari, nikasikia miguu yake ikipita kwenye mapipa, nami nikasimama nyuma ya mlango, karibu kabisa, bila kupumua. Hakusoma kwa sauti. Nadhani aliyasoma kimoyomoyo. Akagonga mara moja.

Sikufungua.

 Nikasikia anaweka boksi chini, na koti lake linachakacha, mtu anayetafuta simu au anayetaka kwenda. Boksi likaburuzwa kidogo. Nikaweka kiganja kwenye ubao.

Kisha akagonga tena.